Kutoka Mtwapa hadi Mto Nile: mwongozo wa safari ya kayaki ya mtoni mkiwa kundi

Watu wa Mombasa tuna kiburi cha maji. Mtu amezaliwa Kibokoni, amejifunza kuogelea kwa kujirusha baharini na wenzake, amepanda ngalawa kabla hajapanda baiskeli. Ukimwambia mnakwenda Uganda kupiga kafi kwenye maporomoko, anakujibu, "Si mto tu huo?" Basi huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kumeza maji. Bahari huenda na kurudi. Wimbi likishakupiga linapita, unapata nafasi ya kupangusa macho. Mto haurudi. Ukikushika unakusukuma upande mmoja tu, na wala haukungoji ujipange.

Mimi si mkufunzi. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kwenye kundi letu mimi ndiye mweka hazina, mkata tikiti, na mwenye kuwasumbua watu kuhusu kadi ya njano ya chanjo hadi wananikimbia. Ninachokishikilia ni kimoja: kazi kubwa ya safari ya Jinja, kule Uganda, hufanyika huku kwetu, kwenye maji yaliyotulia. Asiyejua kukaa kichwa chini majini akatulia, akifika kule atalipa pesa za maporomoko apewe somo la bwawani.

Kwa nini Jinja

Kwa sababu ni karibu kuliko pengine pote penye maji makubwa namna ile, na kwa sababu maji yenyewe yana huruma kidogo. Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria ni mpana, una kina, na maji si ya baridi. Mawimbi ni makubwa ya kutisha, lakini sehemu nyingi miamba iko chini sana, na baada ya poromoko hufuata maji mapana yaliyotulia ambapo mtu anaokotwa, anatapika maji yake, anaendelea. Mito ya milimani ina mawe ya kukukwaruza uso hata poromoko likiwa dogo. Tena Nile una maji mwaka mzima, kwa kuwa unatoka ziwani. Hungoji mvua inyeshe ndipo usafiri.

Jihadhari na maelezo ya zamani, maana mto huu umebadilishwa na mabwawa. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862 aliona maporomoko ya Ripon. Hayo yalizama bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, megawati 250, likaanza kazi na maporomoko ya Bujagali yakafunikwa. Mwaka 2019 likafuata la Isimba, megawati 183, likala sehemu nyingine kule chini. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya "kushuka maporomoko ya Bujagali", muulize anakushusha wapi, kwa sababu pale sasa ni ziwa. Maporomoko yaliyobaki yako kati ya mabwawa haya mawili ya mwisho, ikiwemo sehemu ya Itanda na Kalagala, na maji yake huongezeka au kupungua kulingana na wanavyofungua huko juu. Poromoko ulilolishuka jana unaweza kulikuta leo lina sura nyingine.

Chagua watu kabla ya tarehe

Maporomoko hupimwa kwa madaraja, kuanzia la 1, ambalo ni maji yanayotembea tu, hadi la 6, ambalo hata bingwa anaweza asitoke. Watu nao wapime hivyo hivyo. Si kila rafiki wa kwenda naye Diani ni wa kwenda naye mtoni. Mimi naangalia mambo mawili. Kwanza, anaogelea? Sisemi kuchezea maji ya kifuani pale ufukwe wa Pirates. Nasema aogelee mita mia mbili akiwa na nguo mwilini, bila kugusa chini, kisha aweze kuongea. Pili, akiambiwa "leo usishuke hapa" hununa? Mwenye kununa mwacheni nyumbani, hata kama ndiye mwenye gari.

Kundi dogo ndilo zuri, wanne hadi sita. Mkizidi, siku nzima itaishia kungojana. Na msimdharau yule mwenzenu asiyetaka kupiga kafi. Sisi tunaye shemeji yetu mmoja wa Likoni ambaye maji ya mto hayataki kabisa. Hutembea ukingoni na mfuko wa kamba ya kumrushia aliyepinduka, hushika simu zetu, hupiga picha, na jioni ndiye anayejua nani alipinduka wapi. Bila yeye hatungekuwa na picha hata moja ya maana.

Kabla mtu hajatoa senti, kubalianeni jambo moja kwa sauti, kila mtu akisikia: yeyote anaweza kusema "hili nalipita kwa miguu", na hakuna wa kumcheka. Nasema hivyo kwa sababu utani wetu wa pwani ni mkali. Mtu huweza kujitosa mahali pa hatari ili tu asije akaitwa jina barazani mwaka mzima. Utani wekeni wa chakulani.

Pesa zikusanywe mapema, kidogo kidogo kila mwezi, kwa mtu mmoja, na kila anayetuma aandikwe kwenye gurupu la WhatsApp wote waone. Andikeni pia mapema mwenye kujiondoa dakika za mwisho anarudishiwa nini. Hili la mwisho msiliachie uungwana, kwa sababu ndugu kwa ndugu wamenuniana kwa nauli ya basi.

Mazoezi, na ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili

Kayaki nyingi za kukodi ufukweni Nyali na Diani ni zile za kukalia juu. Ukipinduka unaanguka majini, unapanda tena, mnacheka. Ya mtoni haiko hivyo. Ni fupi, mara nyingi haifiki mita tatu, unaingia ndani hadi kiunoni na kujifunga sketi ya mpira inayoziba mdomo wake. Ukipinduka, unapinduka nayo: kichwa chini, maji yanaingia puani, miguu imekazwa ndani. Hapo ndipo watu wazima na ndevu zao wanapopapatika.

Huku kwetu kayaki za mtoni ni adimu. Mkiweza, nunueni moja iliyotumika, mgawane gharama. Mkikosa, hata ya baharini yenye mdomo na sketi itawafundisha mambo ya mwanzo. Pa kufanyia mazoezi ni bwawa la hoteli, ambazo baadhi zinaruhusu watu wa nje kwa malipo, ila ombeni ruhusa na muioshe kayaki mchanga wote kwanza. Au mkono wa bahari wa Mtwapa, upande wa ndani, siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, saa ile maji yamejaa na kusimama. Angalieni jedwali la maji. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huku Mombasa hupita mita tatu, na mkondo wa Mtwapa maji yakitoka haufai kwa anayeanza.

Anza na kutoka. Mwenzako asimame kando yako, maji yakimfika kiunoni. Pinduka kwa hiari yako. Ukiwa chini, usifanye lolote: hesabu moja hadi tano. Gonga tumbo la kayaki kwa viganja mara tatu, pa, pa, pa, ili aliye juu ajue una akili zako. Kisha inama mbele, uso uelekee sketi, papasa ukingo wake wa mbele mpaka upate kitanzi, kivute kwanza mbele halafu juu. Sketi ikifunguka, weka mikono ubavuni pa kayaki, jisukume utoke kwa makalio, miguu itafuata yenyewe. Usijaribu kutoka kwa kuegemea nyuma; ndivyo magoti yanavyonasa na uso unavyotangulia kukutana na mwamba. Rudia mpaka ikuchoshe. Binamu yangu alikuwa anachomoka kabla maji hayajamfika masikioni, na tulimzuia hapo hapo kwenye hatua ya kwanza hadi alipoweza kuhesabu kumi huko chini bila haraka.

Halafu ndipo kuibuka, yaani kujigeuza ukarudi juu bila kutoka ndani ya kayaki. Watu hudhani ni nguvu za mikono. Wanaume wenye vifua vipana ndio wanaochelewa kujifunza, kwa sababu wanalivuta kafi kwa hasira na halisogei. Siri iko kiunoni. Mshike mwenzako mikono, au shika ukingo wa bwawa, lala ubavu ndani ya maji, kisha uirudishe kayaki kwa goti na kiuno peke yake, kichwa kikibaki kimelala. Ni kama kiuno cha ngoma ya chakacha: kifua kimetulia, chini ndiko kunakozunguka. Wanawake wa kundi letu walielewa kwa haraka sana, na sitasema zaidi.

Kiuno kikishaitika, ongeza kafi. Pinduka ukiwa umeinama mbele, kafi limelala sambamba na ubavu wa kayaki, mikono yote miwili imetokeza nje ya maji upande huo. Lisogeze bapa la mbele juu juu ya maji kwa mwendo wa nusu duara kuelekea nyuma, na wakati huo huo piga kiuno. Kayaki inarudi kwanza, mwili unafuata, kichwa ni cha mwisho kabisa. Kichwa kikitangulia, kwa kuwa unataka pumzi, kayaki inakurudisha chini papo hapo. Ili kukizuia, tazama bapa la kafi muda wote. Macho yakilifuata, shingo haiwezi kuinuka. Vaa kibanio cha pua wiki za kwanza. Maji ya chumvi yakiingia puani mara ishirini jioni moja huwezi kula hata wali.

Ukikosa kuibuka mara tatu, gonga tumbo la kayaki na ungoje mwenzako akuletee omo, yaani ncha ya mbele, ya kayaki yake uishike. Hilo nalo lina mazoezi yake.

Kuhusu mkondo, somo la bure liko pale darajani Mtwapa. Siku ya bamvua, maji yakitoka, simama ukingoni utazame nguzo. Mbele ya nguzo maji yanajaa na kupasuka. Nyuma yake kuna sehemu maji yanarudi kinyume, polepole, na kati ya maji yanayoshuka na yanayorudi kuna mstari unaokatika, wenye vizunguko vidogo. Mtoni utaishi kwa kuusoma mstari huo. Nyuma ya kila jiwe na kila kisiwa kuna maji ya kurudi, na hapo ndipo pa kuingia kupumzika na kutazama kilicho mbele. Ila tazama tu. Usiingie na kayaki kati ya zile nguzo, zina chaza wakali na nyuzi za wavuvi.

Kuvuka mkondo mnakujua tayari kwa wavuvi wetu: hawalengi wanakokwenda, hulenga juu ya hapo, omo imetazama mkondo kwa mshazari, na mkondo wenyewe ndio unaowavusha. Mtoni ni hivyo hivyo. Jipya ni hili: ukitoka kwenye maji ya kurudi na kuingia mkondoni, lalia upande maji yanakoelekea, bila kusita. Ukijikaza wima, mkondo unaukamata ubavu unaoelekea maji yanakotoka na kukugeuza kabla hujajua. Na ukisukumwa kwenye jiwe, liegemee jiwe hilo, likumbatie. Mwili unataka kulikimbia, na ndivyo unavyoalika maji yaje yakupindue.

Pitieni Sagana njiani

Kutoka Mtwapa hadi Nile moja kwa moja ni mruko mkubwa. Mto Tana pale Sagana, karibu kilomita mia moja kaskazini ya Nairobi, una maporomoko madogo ya kujifunzia na mengine makali kiasi, na kuna wenye kayaki na wakufunzi. Siku mbili hapo zinatosha kujua nani yuko tayari na nani bado. Maji yake ni ya baridi kwa mtu wa pwani, maana yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Nilipoyagusa mara ya kwanza sikuamini kwamba ndiyo yale yale yanayoingia baharini kule Kipini.

Karatasi na afya

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, bila viza, lakini mimi nasisitiza pasipoti: kusajili laini ya simu na mambo ya hospitali yanakuwa mepesi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo hiyo inahitaji siku kumi kabla ya safari ili ikubalike, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ataipata mpakani asubuhi ile. Ukishachanjwa mara moja, kadi ni ya maisha. Isitupwe kwenye droo.

Malaria iko Jinja, na kuzaliwa Mombasa si kinga. Muone daktari kuhusu dawa za kuzuia, na laleni ndani ya chandarua. Mkiwa na bima, someni kama inalipia ajali ya mchezo wa mtoni; nyingi zinaruka hapo kimya kimya.

Njia

Yako mabasi ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala, na wako wanaoyapenda. Mimi siwezi. Sisi hupanda treni ya SGR pale Miritini asubuhi, tikiti tumekata mapema kwa sababu likizo za shule zinaijaza, na mahamri na mbaazi zimo kwenye vibakuli. Tunashuka Syokimau, tunaingia mjini Nairobi, na jioni tunachukua basi la Kampala. Wekeni saa za kutosha katikati. Kutoka Syokimau hadi ofisi za mabasi msongamano unaweza kula mchana mzima. Kama mnapitia Sagana, huu ndio wakati wa kukata kona.

Mpakani, iwe Busia au Malaba, mnafika usiku mkiwa na usingizi. Siku hizi mnagongewa mihuri ya kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Shukeni na mabegi madogo yenye karatasi. Watakuja vijana na mabunda ya noti. Waambie ahsante, badilisha kiasi kidogo tu dirishani, kilichobaki fanyeni benki Jinja. Noti za Uganda zina sifuri nyingi na mtu mwenye usingizi hazioni.

Mwambieni kondakta mapema, tena mara mbili, kwamba mnashukia Jinja. Basi linaendelea Kampala, kilomita kama themanini mbele. Ukifungua macho ukaliona daraja kubwa jeupe lililoning'inizwa kwa nyaya, lile lililofunguliwa mwaka 2018, ujue umeshapitiliza na unavuka Nile.

Vya kubeba na vya kukodi

Kayaki, kafi, kofia ngumu, sketi na laifu jaketi kodini huko huko. Kubeba kayaki kutoka Mombasa juu ya mabasi mawili ni ujinga wa bei ghali. Lakini vikagueni. Kofia ngumu, ifunge, tikisa kichwa, ikicheza, rudisha. Laifu jaketi, kaza mikanda yote, kisha mwenzako akuvute mabegani kwenda juu. Ikipanda ikafika masikioni, ni kubwa au imelegea, na majini itakuvuka.

Bebeni kibanio cha pua, viatu vyenye soli ya kushika visivyovuka mguuni, kamba ya miwani, na nguo za kukauka haraka. Pamba acheni nyumbani. Jaketi jepesi la jioni pia, maana Jinja iko juu ya mita elfu moja na usiku wake si wa Mombasa.

Kwa sisi tunaovaa hijabu: nguo ndefu ya kuogelea inafaa sana mtoni, inakinga hata jua. Kichwani vaa kofia ya kuogelea au hijabu ya michezo ya kuvuta, inayobana, na juu yake kofia ngumu. Usivae ushungi wa kufunga, wala pini yoyote. Kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunasa kwenye tawi ukiwa chini ya maji, na pini itakuchoma shingoni kofia ikikazwa. Jaribu mavazi yote Mtwapa, ukipinduka nayo, kabla ya kuyaamini. Chakula cha halali Jinja kipo, Waislamu ni wengi. Rolex za barabarani, chapati na yai lililoviringishwa ndani yake, utazila mpaka uzitafute ukirudi.

Mtoni

Kwanza mwenyeji wenu. Kabla ya kulipa muulizeni: mkufunzi mmoja anachukua watu wangapi? Nani ana mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza? Kuna mtu wa kayaki anayesimama chini ya poromoko kutuokota? Mtaanzia wapi? Anayejibu kwa "msiwe na wasiwasi" bila kingine, mwacheni. Mkufunzi mzuri siku ya kwanza huwapeleka maji yaliyotulia na kuwaambia mpinduke mbele yake, hata mkimhadithia Mtwapa yote. Mwenye mashaka aulize kama ipo kayaki ya watu wawili, ashuke mbele na mkufunzi nyuma; atayaona mawimbi bila kubeba mzigo wote.

Kubalianeni ishara, kwa sababu kelele za maji haziruhusu maneno. Kafi wima juu: njoo. Kafi limelazwa juu ya kichwa: simama. Kugonga kofia kwa kiganja: niko salama, nawe? Kidole au kafi likielekezwa upande huonyesha pa kupita. Halielekezwi hata siku moja kwenye hatari, kwa sababu aliye juu atalifuata. Filimbi mara tatu: kuna mtu matatani.

Kila poromoko kubwa, tokeni majini mkalitazame kwa miguu. Fuateni ulimi wa maji laini unaoingia katikati kwa umbo la V lenye ncha chini. Ncha ikiangalia juu, hapo kuna mwamba. Tafuteni maji yanayoanguka na kujikunja nyuma yakitoa povu jeupe mahali pamoja. Hapo mtu huzungushwa akashindwa kutoka. Angalieni miti iliyoangukia majini kwenye visiwa: maji yanapita kati ya matawi, wewe hupiti. Mkimaliza, kila mtu aseme atapita wapi na, akipinduka, ataogelea upande gani. Asiye na jibu la swali la pili habebwi na ujasiri wa wengine. Anabeba kayaki yake pembeni. Itanda ni pa kubeba pembeni kwa wengi wetu, na hakuna aibu. Vijana wa kijijini wataomba kuwabebea; patana nao bei kabla, uwalipe vizuri.

Ukitoka ndani ya kayaki katikati ya poromoko, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usisimame, hata maji yakiwa ya magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi na hakuna nguvu ya kuuinua. Mawimbi ya Nile ni marefu: vuta pumzi ukiwa kwenye bonde la wimbi, funga mdomo kileleni, ambako maji yanapasuka usoni. Ukizamishwa, jikunje, subiri; laifu jaketi itakuleta juu, ingawa sekunde hizo ni ndefu. Ukiona maji ya kurudi, acha kulala, geuka uogelee kwa nguvu zako zote kuyaendea.

Anayerusha mfuko wa kamba aite jina kwanza, macho yakutane, ndipo arushe kamba ivuke juu ya kichwa cha anayeogelea. Anayeshika, ashike kamba yenyewe, aiweke begani, alale chali. Asijifunge nayo mkononi wala kiunoni kwa hali yoyote. Shemeji yetu wa Likoni hufanyia mazoezi kwa mbuzi wa jirani yake, na simshauri mtu kumwiga katika hilo.

Mkiwa na siku tano kule, msipige kafi zote tano. Siku ya tatu mikono inakuwa mizito, na ndipo watu wanapopinduka mahali walipopita jana wakiimba. Pumzikeni, tembeeni mjini, laleni. Mvua ya radi ikianza kunguruma, tokeni majini, hata kama mmebakiza poromoko moja tu.

Mkirudi

Vikausheni vitu Jinja kabla ya kupanda basi. Nguo mbichi ndani ya mfuko wa plastiki hadi Miritini ni adhabu kwa behewa zima. Mweka hazina afunge hesabu ndani ya juma, risiti zipigwe picha ziwekwe kwenye gurupu.

Na kichocho. Maji ya Ziwa Victoria na Nile yanacho, kile cha tumbo, na unakipata kwa kugusa maji tu. Msimeze dawa mara mnapofika nyumbani mkadhani mmemaliza: praziquantel haiwaui vizuri minyoo ambao hawajakomaa. Ngojeni wiki sita hadi nane, kisha nendeni hospitali mkapimwe, mumwambie daktari mlikuwa mto gani na lini, hata kama hamna dalili. Homa yoyote kabla ya hapo, pimweni malaria siku hiyo hiyo. Mimi huiandika tarehe ya kipimo kwenye gurupu siku ile ile tunayoshuka Miritini, na kundi zima huenda pamoja asubuhi moja, kisha tunapitia viazi karai.